Tatu na Nane

Kimashine cha kusomea lebo kilikoroma mara mbili, kikawasha taa nyekundu. Mama Pacha akakifuta kwenye suruali yake, akakielekeza tena kwenye lebo. Kikakoroma vilevile. "Kifurushi hiki si cha gari hili," kiliandika, kwa yale maneno yake ya adabu yaliyokuwa yakimchefua tangu mwezi uanze.

Ilikuwa saa tatu asubuhi na alikuwa amehudumia nyumba nne tu kati ya mia moja na kumi na mbili. Akapanda nyuma ya gari, akapiga magoti, akaanza kupekua. Cha pili, si chake. Cha sita, si chake. Boksi refu lililobanwa chini kabisa, si lake. Alipomaliza alikuwa na vifurushi kumi na kimoja vya watu wa ng'ambo ya mto, mitaa ambayo gari namba tatu halikuwa na biashara nayo. Akakaa juu ya kreti, akapumua. Magoti yalimuuma kama ya mwanamke wa miaka sabini, na yeye alikuwa na arobaini na moja.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini pale kazini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Pacha tangu siku ya kwanza, alipokuja kuomba kazi akiwa na binti wawili wadogo, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Sasa walikuwa na miaka minane na walijua kujiandaa wenyewe kwenda shule. Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha rangi. Yeye akirudi, mkewe anatoka. Mkewe akirudi, yeye anatoka. Walikuwa wakisalimiana mlangoni kama wapangaji, na mto wa kitanda haukuwahi kupoa.

Akampigia simu Redio.

Redio alikuwa dereva wa gari namba nane, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye mdomo usiojua kuzimwa, ndipo jina lake lilipotoka. "Usiniambie, dada," alisema kabla hajasalimiwa. "Ngapi leo?"

"Kumi na kimoja. Wewe?"

"Tisa vyako. Nilikuwa nakaribia kulia. Tukutane kwa waosha magari?"

"Saa sita. Ukichelewa naondoka."

Taratibu za kampuni zilikuwa wazi: kifurushi kilichopakiwa gari lisilo lake kirudishwe ghalani jioni, kipakiwe upya kesho yake. Lakini kila kilichorudi kilimpa dereva alama nyekundu, kana kwamba ni yeye aliyekipakia, na alama tano kwa wiki zilimpeleka dereva ofisini. Kwa hiyo madereva walijitafutia dawa yao. Wawili wakikutana na kugusanisha vimashine, kimoja kinatoa na kingine kinapokea, na mambo yanakwisha kimyakimya. Dawa ilikuwa chungu tu kwa sababu ilikula saa nzima, na saa hiyo Mama Pacha aliilipa jioni, akigonga milango ya watu waliokwisha kuvua viatu.

Saa sita na robo walikuwa wakirushiana maboksi karibu na daraja, maji ya sabuni yakipita chini ya viatu vyao.

"Hawa waosha magari wanadhani tuna jambo," Redio alisema. "Yule mwenye kofia kaniuliza jana kama mume wako anajua."

"Mwambie mume wangu yuko usingizini, hajui hata leo ni siku gani."

"Lakini dada, Mzee Mizani kapatwa na nini? Mtu yule! Mimi nilikuwa nikifumba macho nanyoosha mkono, nakuta kifurushi cha nyumba ninayoitaka. Siku hizi ni kama anapakia kwa koleo."

Mama Pacha pia alikuwa akijiuliza, na swali lilikuwa limemkaa vibaya. Mzee Mizani alikuwa amepakia magari pale ghalani kwa miaka kumi na tisa. Walimwita hivyo kwa sababu gari alilolipakia yeye halikuyumba hata kwenye kona mbaya. Wapakiaji wengine walipomcheka mwanamke aliyekuja kuendesha gari la mizigo, yeye ndiye aliyemvuta pembeni na kumwonyesha namna ya kunyanyua boksi kwa mapaja bila kuvunja kiuno. "Kiuno kimoja tu umepewa, mwanangu," alimwambia, "hakina spea."

Simu ya Redio ikaita, mteja wake akifoka. Akarukia usukani, akaondoka huku bado anaongea. Ndipo Mama Pacha alipogundua lile boksi refu limebaki kwake, limeegemea tairi la nyuma.

Alilijua boksi hilo. Siku ya kwanza alilikuta jioni, liko chini ya kila kitu. Siku ya pili Redio hakutokea. Siku ya tatu alilikuta tena jioni. Kila siku alilirudisha ghalani, na kila asubuhi lilipakiwa tena kwenye gari lake kama mgeni asiyejua kuaga. Hii ilikuwa siku ya nne. Akaangalia anwani: ng'ambo ya daraja, dakika kumi na tano. Akatukana kidogo kwa sauti ya chini, akalitupa kiti cha mbele, akavuka mto.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha kawaida cha jikoni. Alikuwa amekisogeza kile kiti hadi mlangoni kwa kukiburuta; alama zake zilionekana sakafuni. Nyuma yake kiti cha magurudumu kilikuwa kimelazwa ubavu, gurudumu moja halina tairi.

"Hatimaye," alisema.

"Samahani sana, kaka. Kulikuwa na mchanganyiko."

"Siku nne simu inaniambia mzigo uko njiani. Njia gani hiyo, mama, isiyofika?" Hakupandisha sauti. "Siku nne nakwenda chooni kwa kujikokota chini. Unajua?"

Mama Pacha alitaka kusema si yeye anayepakia, kwamba hata mtaa huu si wake, kwamba anapoteza saa nzima kila siku kwa makosa ya mtu mwingine. Maneno yote yalikuwa ya kweli na hakuna lililofaa. "Nikusaidie kulivisha hilo tairi?" akauliza.

Wakalivisha pamoja. Yeye alishika rimu kwa magoti, mwanamume akaingiza tairi kwa vijiko viwili vya chakula, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Mama Pacha akapiga pampu mpaka jasho likamtoka. Mwanamume akajipandisha kwenye kiti chake, akazunguka mara moja sebuleni, akarudi. Hakusema asante. Akampa boksi tupu. "Katupe hilo njiani."

Garini, kabla ya kulikunja boksi, aliitazama lebo. Namba ya gari ilikuwa pale juu, nyeusi, kubwa kama kidole gumba. Nane. Wino haukufifia, karatasi haikukunjamana. Hakuna mtu mwenye macho ambaye angeisoma tatu.

Aliirudia sentensi hiyo kichwani, na safari hii ikamtisha.

Kesho yake alifika ghalani nusu saa kabla ya wakati. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo alikuwa amevaa koti la mvua la mumewe, kofia yake imeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuja na maneno makali ameyapanga. Mzee Mizani alikuwa peke yake chini ya taa ndefu nyeupe, akichukua kifurushi kimoja kimoja kutoka kwenye mkokoteni. Kila kimoja alikisogeza karibu na uso hadi pua ikagusa karatasi, akakizungusha kidogo kuelekea jicho la kushoto, kisha akakiweka mahali.

Mama Pacha akasimama hatua mbili mbele yake. Mzee akainua kichwa, akatabasamu.

"Redio! Leo kitanda kimekutapika?"

Hakujibu.

"Mbona kimya? Wewe si mtu wa kunyamaza, au betri zimekwisha?"

"Ni mimi, mzee wangu," Mama Pacha alisema. "Shikamoo."

Boksi lilibaki mikononi mwa mzee. Tabasamu lilibaki usoni pia, kwa muda, kama kitu kilichosahauliwa pale. "Marahaba, mwanangu," akajibu mwishowe. Akaliweka boksi chini taratibu, akakaa juu yake.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. La kulia halioni kitu. La kushoto linaona katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba." Alisugua mikono yake mapajani. "Nilikwenda hospitali. Wakasema ni presha ya macho. Kilichopotea kimepotea, kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki."

"Unaitia?"

"Ninapokumbuka."

"Na kazi unaifanyaje, mzee?"

"Kwa mazoea. Nani anatuma boksi la namna gani, nani anapokea nini kila mwezi, nayajua kwa mkono. Namba nazisoma polepole. Moja iko wima. Saba ina kona. Hizi zenu ndizo zinanichezea shere, tatu na nane. Nikiwa na haraka naona tumbo tu, sioni mgongo." Akalipapasa boksi alilokalia. "Nimebakiza miezi ishirini na miwili, mwanangu. Nikiondoka kwa kustaafu ni jambo moja. Nikiondolewa ni jambo lingine."

Yale maneno makali aliyoyapanga hayakuwa na pa kwenda. Mama Pacha aliwaza juu ya mtu aliyejikokota sakafuni siku nne. Aliwaza pia juu ya kiuno chake mwenyewe, ambacho kilikuwa bado kizima. Alikuwa amechoka mno kuamua jambo kubwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo akaamua dogo.

"Nitakuwa nakuja saa hii," akasema. "Za tatu na nane niachie mimi."

Redio alipoambiwa alizima injini, akashuka garini. Kisha akasema naye atakuja, lakini siku moja moja tu, maana mke wake ana mimba na asubuhi hali si nzuri. Kwa hiyo mzigo mkubwa ulikuwa wa Mama Pacha. Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Hakuna kimashine kilichokoroma, hakuna aliyekwenda kwa waosha magari. Msimamizi aliandika kwenye ubao kwamba makosa ya upakiaji yamepungua na akawapongeza wote kwa jumla, bila kujua anampongeza nani.

Lakini nusu saa ile ilitoka mahali. Ilitoka kwenye usingizi wake, na usingizi wake ulikuwa mfupi tangu zamani. Wiki ya pili alianza kuweka funguo kwenye jokofu na maziwa mezani. Binti mmoja alimwuliza, "Mama, kwa nini unatuita kwa jina moja wote wawili?" Mumewe alimkuta siku moja amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, macho ameyafumba.

"Acha, mke wangu," alimwambia. "Huyo mzee ana watu wake."

"Kwetu kazini watu wake ni nani?" akamjibu, akavaa kiatu cha pili.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, alisimama kwenye taa nyekundu. Jua lilikuwa likiingia kwa kioo cha mbele na kumpiga kifuani kama blanketi. Mwanamke mmoja mwenye mfuko wa mboga alivuka mbele yake. Mama Pacha alimwona akikanyaga upande wa pili wa barabara, na kilichofuata ni mlio wa bati.

Mguu ulikuwa umelegea juu ya breki. Gari lilijongea lenyewe, polepole, hatua kumi hivi, likaugonga mlingoti wa kibao cha barabarani. Taa moja ya mbele ilivunjika, bonde likaingia kwenye boneti. Basi, hakuna zaidi. Lakini yule mwanamke mwenye mboga alikuwa amegeuka, amesimama anamtazama, mfuko ameukumbatia kifuani. Mama Pacha akavuta breki ya mkono, akazima injini.

Ofisini msimamizi alikuwa na fomu mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayeulizwa maswali na watu wa juu na watu wa chini kwa wakati mmoja.

"Ulikuwa kwenye simu?"

"Hapana."

"Breki zilikataa?"

"Breki ni nzima. Nililala."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Miaka sita hujagonga hata ndoo. Kwa nini ulale saa nane mchana?"

Mama Pacha aliangalia viatu vyake. Redio, aliyekuwa amemsindikiza kama shahidi ingawa hakushuhudia chochote, alisogeza kiti chake karibu naye.

Mlango uligongwa. Mzee Mizani aliingia huku mkono mmoja ukipapasa fremu, akahesabu hatua zake hadi kwenye kona ya meza, akaigusa, akasimama. Mtu asiyejua asingeona kitu. Mama Pacha alikuwa anajua, na ilimchoma kuona jinsi alivyokuwa akijikaza.

"Andika mimi," mzee alisema.

"Wewe umehusikaje, mzee?"

"Mimi sioni. Huyu anakuja alfajiri kunisomea namba. Yale makosa ya mwezi uliopita yote ni yangu, na alama nyekundu ulizowapa hawa watoto ni zangu. Leo karibu aue mtu kwa ajili ya macho yangu. Sasa inatosha."

"Mzee wangu, usi—" Mama Pacha alianza.

"Nimesema inatosha."

Msimamizi alifunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Alipoviondoa alizungumza taratibu, akichagua maneno kama mtu anayetembea kwenye tope. Mzee asingegusa mzigo tena kuanzia siku hiyo. Alete barua ya daktari. Yeye angeuliza kwa wakubwa kama kuna kazi ya kukaa, kupokea simu labda, lakini asingeahidi, maana akiahidi atakuwa anadanganya. Mama Pacha angepewa onyo la maandishi na kukaa nyumbani hadi Jumatatu. Alama nyekundu za wote wawili angezifuta mwenyewe. Alipomaliza alinyanyuka, akazunguka meza, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

Nje, karibu na geti, Redio alijaribu kufanya mzaha akashindwa. Akamkumbatia mzee harakaharaka, akaenda kumalizia vifurushi vya gari namba tatu juu ya vyake.

"Umenikasirikia?" Mama Pacha aliuliza walipobaki wawili.

"Nimekasirika," mzee alisema. "Si kwako. Bado sijajua ni kwa nani." Alivuta zipu ya koti lake juu, akaishusha. "Mwanangu, kuna jambo moja limebaki. Mke wangu hajui."

"Hajui kuhusu leo?"

"Hajui kuhusu macho."

Mama Pacha alitaka kitanda. Alikitaka kwa mwili wote, kama mtu anavyotaka maji. "Twende," akasema.

Nyumba ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, vyumba viwili vyenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa. Mke wa mzee alikuwa anapiga pasi nguo za watu, mlima wa mashati upande mmoja na mlima mwingine umekunjwa upande wa pili. Mama Pacha akamwamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti chenye mto mnene. Akakaa, na kiti kikammeza.

Mzee alisimama katikati ya chumba. Alianza mbali: hospitali, daktari, mwaka juzi, ghala. Alizunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kuegesha gari. Mkewe aliendelea kupiga pasi, akaumaliza ukosi, akahamia mkono wa kulia.

"Kwa kifupi," mzee alisema, "macho yangu—"

"Hayaoni," mkewe akamalizia. Akaiweka pasi wima. "Kwani ulidhani kipofu ni mimi?"

Mzee akageuza uso kuifuata sauti yake.

"Mwaka mzima nakuwekea kikombe mahali pamoja. Kile kistuli nilikigawa kwa nani, kama si kwa sababu ulikuwa unakigonga kila siku na kusema umeteleza? Nani alikuhamishia ndoano ya koti? Nimengoja uniambie. Nikasema, mtu mzima huyu, atasema. Mwaka mzima!" Sauti yake ilipanda, ikavunjika katikati. "Chupa ya matone niliiona kwenye mfuko wa suruali, nikaifua pamoja na suruali kwa hasira. Uliona imepauka? Hukuona. Utaionaje."

"Nilifikiri utaogopa."

"Naogopa. Kaa chini. Unatia matone mara ngapi?"

"Mara mbili. Inatakiwa mara mbili."

"Inatakiwa. Mimi nakuuliza unatia mara ngapi."

Mama Pacha alijua kwamba huu ndio wakati wa mgeni kuaga. Alijiambia anyanyuke, aseme nawaachia, aende kituoni. Miguu haikumsikia. Mvuke wa pasi ulikuwa umejaa chumbani, una harufu ya pamba safi, na sauti za wale wawili zilikuwa zimeshuka, zikibishana juu ya saa za kutia matone, asubuhi kabla ya chai au baada, na nani atamwambia mtoto wao mkubwa. Akafumba macho ili asiwatazame, kwa heshima tu.

Alipoyafumbua, jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine na mlima wa mashati ambayo hayajapigwa pasi ulikuwa umekwisha. Viatu vyake vilikuwa vimevuliwa na kupangwa kando ya kiti. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo, na mkewe amemwinamia, ameishika kope ya jicho la kushoto kwa kidole, chupa ndogo iko juu.

"Usipepese," alikuwa akisema. "Nimekwambia usipepese."